Nilivyopata cheti cha ufundi umeme baada ya kujifunzia mtaani

Nilimaliza kidato cha nne katika shule ya kata nje kidogo ya mji wa Masasi, matokeo yakaja na sifuri, na msimu wa korosho wa mwaka huo nikaumalizia shambani kwa mama. Mjomba wangu, ambaye alikuwa akifunga umeme katika nyumba za watu, ndiye aliyenichukua ili nimbebee ngazi. Baada ya miaka mitatu niliweza kufunga nyumba ya vyumba vitatu peke yangu, tangu kuchimbia bomba za kupitishia waya ukutani hadi kuwasha taa.

Kazi zilikuwepo, hasa vijijini ambako gharama ya kuunganishiwa umeme ilikuwa shilingi 27,000. Kilichokosekana ni muhuri. TANESCO, shirika la umeme, hawamuunganishii mteja mpaka kazi ya ndani ya nyumba ithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa hiyo kila nyumba niliyoifunga ilisainiwa na mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga, naye alichukua karibu nusu ya ujira wangu. Nilimnung'unikia sana, ingawa ni kweli pia kwamba nyumba ingeungua, jina lake ndilo lingetafutwa.

Habari za urasimishaji wa ujuzi nilizikuta kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji wa kata, nilikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa utaratibu huo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, humpima fundi aliyejifunzia mtaani, humfundisha yale anayopungukiwa, kisha humpa cheti. Nilijaza fomu, nikapeleka barua ya utambulisho na majina ya wateja. Walipotaka picha za kazi zangu nilikuwa nazo nne tu, tena zenye giza. Anayefikiria njia hii na aanze kupiga picha leo.

Mtathmini alinikuta kazini, katika nyumba ya mwalimu mmoja, akanitazama karibu saa nzima bila kusema neno. Kisha akaushika waya uliokuwa ukielekea kwenye soketi, akauliza, "Kijana, huu ni wa milimita ngapi?" Nikamjibu kwamba ni ule ule wa kwenye taa. Akaandika kitu, akaendelea kutazama.

Waya wa 1.5 unatosha kwa taa, lakini soketi inahitaji 2.5, kwa sababu pasi au jiko la umeme huvuta mkondo mkubwa, na waya mwembamba hupata moto ndani ya ukuta ambako hakuna anayeuona. Mjomba hakunifundisha hilo kwa kuwa naye hakufundishwa. Sisi tulinunua roli moja ya waya, tukafunga nyumba nzima. Usiku ule nilizihesabu nyumba za namna hiyo, zikafika saba. Sita nilizirudia kwa gharama yangu, nikavuta waya mpya katika bomba zile zile. Mwenye nyumba ya saba alinifukuza, akidhani natafuta hela.

Katika mafunzo ya kuziba mapengo, kupima waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini, nilikushika haraka, lakini michoro ilinitesa. Mkono ulijua taa ya ngazi inavyowashwa kutoka chini na kuzimwa kutoka juu. Kuisoma kazi hiyo hiyo kwenye karatasi yenye alama na maneno ya Kiingereza ilikuwa habari nyingine. Nilikuwa naunganisha kwanza, kisha nachora nilichokiunganisha, mpaka alama zikazoeleka.

Cheti kilitoka, na baadaye, nikiwa na cheti hicho pamoja na uthibitisho wa uzoefu, nikaomba leseni ya daraja la chini na kuipata. Fomu ya kwanza kuletewa niisaini haikuwa ya kazi yangu. Ililetwa na kijana wa mtaa wa pili, ambaye hana leseni. Nilimwambia anipeleke kwanza kwenye hiyo nyumba, nikabeba bisibisi, nikafungua soketi zote.