Jasho la bati: trela la mizigo lilivyokuwa nyumba yangu

Asubuhi moja ya Januari niliamka nikakuta mto umelowa upande wa ukutani. Nje hakukuwa na mvua, ni theluji tu imelala kimya. Nikawasha tochi ya simu nikamulika. Matone yalikuwa yamejipanga mistari iliyonyooka, kutoka darini hadi chini, na kati ya mstari na mstari palikuwa pakavu kabisa. Nikapima kwa mkono: shubiri mbili kasoro kidogo. Nikaishiwa nguvu, maana nilijua kuna nini nyuma ya kila mstari. Ni nguzo za chuma za trela, na ukuta ule niliufunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni muuguzi hapa Marekani, wa mikataba ya wiki 13. Mkataba ukiisha, unafungasha unahamia mji mwingine. Kwa miaka mitatu nimelipa kodi ya vyumba vya watu, godoro la watu, sufuria za watu, na kila nikianza kuzoea njia ya kwenda dukani, muda umekwisha. Nikasema nitajenga changu, kinifuate ninakokwenda.

Trela nililipata kaskazini mwa Indiana, si mbali na Elkhart, mji unaojulikana nchi nzima kwa viwanda vya nyumba za magurudumu. Futi 7 kwa 14, ekseli mbili, breki za umeme, na lilikuwa la fundi wa vigae aliyekuwa akibebea zana zake. Ndani nasimama wima bila kuinama. Kabla ya kutoa pesa nilitandika turubai nikalala chini ya uvungu na nyundo ndogo, nikawa nagonga chuma hatua kwa hatua. Kutu ya juu juu haina neno, unaipiga msasa na rangi. Chuma kilicholika sauti yake ni nyingine, hailii. Hili lililia vizuri, mbele mpaka nyuma.

Tairi ndizo zilizonipa hoja ya kupunguza bei. Muuzaji alinionyesha kwamba bado zina meno, na kweli zilikuwa nayo. Lakini ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zile zilisoma 3614, yaani wiki ya 36 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukikaa bila kutembea. Tukaelewana dola 3,800, nikabadilisha tairi zote nne na kutia grisi mpya kwenye beringi kabla ya kulivuta hata maili moja.

Kazi niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa kutoboa paa. Feni ya darini inataka tundu la mraba la inchi 14, na ukishalikata bati halirudi. Jioni yake nikampigia mjomba, Pangani. Yeye ni fundi wa majahazi, na utoto wangu nimeupitisha nikimsokotea pamba iliyolowa mafuta, naye anaishindilia kwa tindo na nyundo kati ya ubao na ubao, ndiyo kalafati ya kuzuia maji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Unajenga chombo huko, nasikia?"

Nikamweleza. Akauliza swali moja tu: hiyo nyumba ikiwa njiani, inatikisika? Nikamwambia inatikisika sana. "Basi usizibe kwa kitu kinachokauka kikawa jiwe. Kalafati ni laini kwa sababu ubao unacheza. Ikiwa ngumu, itaachana nao."

Ndiyo maana nilitumia utepe wa gundi nyeusi isiyokauka chini ya fremu ya feni, halafu juu yake, kwenye kila kichwa cha skrubu, ile gundi nyeupe ya mapaa inayojitandaza yenyewe. Paa halijavuja.

Lakini nilikuwa nimeziba maji ya nje, nikasahau ya ndani. Kati ya nguzo na nguzo niliweka foamu ngumu, nikapiga plaiwudi juu, nikaona nimemaliza. Nguzo zenyewe zilibaki zimegusana na plaiwudi huku na bati la nje kule, na chuma hakijui kuzuia baridi. Kisha nikawa nalala na jiko dogo la gesi la kupasha joto, lile la moto wa wazi. Gesi ikiungua inazaa maji: kila kilo moja ya propeni hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Chupa moja ndogo ya nusu kilo niliyokuwa naimaliza ilikuwa inanimwagia karibu robo tatu ya lita hewani, mbali na pumzi yangu. Mvuke unatafuta mahali pa baridi kuliko pote, unatua. Ukatua kwenye nguzo.

Na maji ndiyo yalikuwa madogo. Moto wa wazi kwenye chumba kilichofungwa unaweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa ambayo haina harufu wala rangi. Mimi nimepokea wagonjwa wake wodini, nikalala nayo chumbani kwangu. Ukiwa na trela kama hili, nakuomba, nunua king'ora cha kugundua hewa hiyo kabla hujanunua godoro, na usilale na jiko linalowaka.

Nilibomoa kuta zote mbili. Wikendi nne, skrubu moja moja, nikiipanga plaiwudi nje na kuipa namba. Nyuma ya ubao wa kitandani nilikuta ukungu mweusi tayari, wa wiki chache tu. Nikausugua, nikakausha, nikatandaza foamu ya inchi moja juu ya nguzo zenyewe, bila kukatisha, viungo vyote nimevifunga kwa utepe wa karatasi ya fedha. Upana umepungua inchi mbili. Jiko nikalitoa, nikafunga hita ya dizeli ambayo moto wake unavuta hewa ya nje na moshi wake unatokea nje. Usiku feni naiacha inazunguka taratibu, hata kwenye baridi.

Uzito nitausema kwa kifupi. Tangi la maji la lita 100 nililiweka nyuma pamoja na betri, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Kwenye barabara kuu trela likaanza kuyumba kama mkia, nikapunguza mwendo mikono ikitetemeka, nikaingia kwenye mzani wa malori. Jumla kilo 1,900, lakini uzito ulioegemea gari ulikuwa kilo 120 tu, na unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Nikahamisha tangi na betri mbele ya ekseli. Sasa linaegemea kilo 215, na linafuata gari limetulia. Mjomba nilipomwambia hakushangaa, alisema farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, iliyowekwa vibaya imezamisha vyombo vizuri.

Wiki iliyopita baridi ilishuka tena chini ya sifuri. Nilimpigia kwa video saa 12 asubuhi, nikapitisha kiganja ukutani kutoka kichwani mpaka miguuni, nikamwonyesha kiganja kikavu. Akatazama muda. Kisha akasema, "Geuza simu, nione mlango wa nyuma." Kona ya chini ya kushoto ilikuwa na unyevu, mahali mpira wa mlango ulipochoka. Mpira mpya nimeuagiza, futi 24. Jumamosi sina zamu.