Kofia Waliyokataa Kuivua

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Waebrania 13:3: tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao, maana sisi nasi tumo katika mwili.

Oktoba 1685, Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu tangu 1598. Wachungaji walipewa siku 15 wawe wameondoka. Waumini wakakatazwa kutoka nchini, na mwanamume aliyekamatwa akitoroka alihukumiwa kupiga makasia katika merikebu za kivita za mfalme. Zaidi ya 1,500 walipelekwa huko kwa ajili ya imani tu. Jean Marteilhe wa Bergerac alikamatwa 1701, hajatimiza hata miaka 20; aliachiwa 1713. Watu watano kasia moja, mguu mnyororoni, usiku na mchana.

Misa ya Kikatoliki iliposomwa melini, wafungwa waliamriwa kuvua kofia kwa kuiheshimu. Waprotestanti walikataa, nao wakavuliwa nguo na kuchapwa kwa kamba hadi ngozi ikachanika.

Najua ushauri ambao wengi wetu tungewapa: "Vua tu ndugu, Mungu anaangalia moyo." Ni kweli anaangalia moyo. Lakini mfalme alikuwa ameshachukua mikono yao, miguu na mgongo, sasa akataka na kichwa kikiri kile ambacho moyo unakikana. Hapo wakasema hapana. Tunarahisisha mno tunapodhani imani inaweza kukaa moyoni huku mwili ukitii bwana mwingine.

Na miili ile ilihubiri. Padre Jean Bion, Mkatoliki aliyehudumu katika meli La Superbe, aliwaona wakichapwa, akashuka kuwatazama wakiwa na majeraha. Baadaye akajiunga nao katika imani, na 1708 akachapisha ushuhuda wake London.

Jambo moja zaidi, nisiliache. Fedha za msaada kutoka kwa ndugu wa nje zilipitishwa kwa siri na watumwa Waislamu wa merikebu hizohizo, na Marteilhe anashuhudia uaminifu wao. Walioitwa maadui wa msalaba ndio waliowakumbuka waliofungwa.

Katika maombi yetu ya wiki hii tuwataje waumini wa Eritrea. Tangu 2002 makanisa mengi ya kiinjili yamefungwa huko, na watu wa Mungu wamewekwa hata ndani ya makontena ya chuma, joto la mchana na baridi ya usiku. Mwenye nafasi ya kufunga Ijumaa, tufunge pamoja.