Kilo mbili za unyevu

Bwera, Jumapili jioni, mwezi wa Mei

Leo pia sikuhubiri, ingawa zamu ingekuwa yangu. Nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, wanapokaa akina mama wenye watoto wachanga, nikamsikiliza kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kusoma masomo ya ibada. Alihubiri vizuri, kwa haraka kidogo. Huu ni mwezi wa sita tangu nilipomwomba kasisi aniondoe kwenye zamu za mahubiri, na kwa kuwa watu wameanza kuulizana sababu, wengine wakinihurumia kana kwamba ninaumwa, naona ni afadhali niiandike sababu hiyo kwa mkono wangu kabla haijaandikwa na midomo ya sokoni.

Siku sita za juma mimi ni mnunuzi wa kahawa. Wakulima wanateremka kutoka kwenye miinuko ya Rwenzori, hapa kwetu magharibi mwa Uganda, na kahawa iliyokaushwa, mimi naipima, nawalipa, kisha nawauzia wenye malori. Kahawa ya kwetu nyingi huanikwa chini, juu ya turubai au hata juu ya udongo mtupu, na mvua za mlimani haziulizi ratiba ya mtu. Kwa hiyo unyevu si jambo la kubuni. Kahawa inayohifadhiwa inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 12 au 13 hivi. Ikizidi hapo inaota ukungu ghalani na hasara inakuwa ya mnunuzi. Ndiyo maana wanunuzi tulizoea kukata kilo 2 katika kila gunia. Nilipoanza kazi niliikuta desturi hiyo, sikuihoji, na hata leo nikiambiwa niitetee nina maneno ya kutosha.

Mwezi wa Novemba alikuja mama mmoja mjane na gunia moja. Nilipima, nikakata, nikaandika. Akasubiri wengine waondoke, kisha akauliza kwa heshima, mikono ameikunja kifuani:

“Mwalimu, hizo kilo mbili ni za nini?”

“Ni za unyevu, mama.”

“Hata hii niliyoianika majuma matatu?”

Nilichukua punje nikaiuma. Ilikuwa kavu kabisa, ikavunjika kama jiwe dogo. Nikamwambia kwamba ndivyo tunavyofanya kwa wote. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi msimu ujao ataianika siku nyingi zaidi. Sikusikia lawama yoyote katika sauti yake; aliuliza ili ajifunze. Alipokuwa akikunja gunia lake tupu akaongeza kwamba njiani alikuwa amewapita wanunuzi wawili, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa na hawezi kunionea shaka.

Neno hilo la mwisho lilinikosesha usingizi kuliko lile swali. Yeye alinijua madhabahuni kabla ya kunijua mizanini, na hata pale dukani aliniita Mwalimu, jina ambalo nimepewa na kanisa wala si na soko. Maana yake ni kwamba kila nilipohubiri nilikuwa, bila kukusudia, ninawaita wateja. Imani yao kwa Mungu ilikuwa inawaongoza hadi mlangoni pangu, na hapo mlangoni mimi nilikuwa ninaikata kilo mbili. Wale wanunuzi wawili aliowapita hukata vilevile, lakini wao hawakuwa wamesimama Jumapili mbele yake wakiwa wamevaa kanzu.

Nimelelewa katika nyumba ya walokole, Wakristo wa uamsho, kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikufundishwa. Uamsho ule, ambao wengi huuhesabu tangu daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda alipokutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ulienea Afrika Mashariki yote kwa jambo moja lililoonekana wazi kwa macho: watu waliokoka, halafu wakaanza kurudisha vitu. Walirudisha majembe, mbuzi, fedha za waajiri, mara nyingine vitu ambavyo mwenyewe alikuwa amekwisha kuvisahau. Babu yangu alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, ndiko alikojifunza Kiswahili, na ndiko alikoiba nyundo. Alipookoka aliibeba nyundo ile mchana kweupe, akaenda kwa msimamizi wake, akakiri. Msimamizi alicheka hadi akatoa leso, akamwambia aondoke nayo. Babu alikataa, akaiacha juu ya meza. Tulipokuwa watoto tuliisimulia habari ile kama kichekesho, na nadhani ndipo tulipokosea, kwa sababu tuliikumbuka nyundo tukaisahau aibu aliyoibeba njia nzima.

Askofu Mkuu Janani Luwum, mtoto wa Mucwini kule Kitgum, aliokoka mwaka 1948 katika wimbi hilohilo la uamsho. Kila tarehe 16 Februari, ambayo tangu mwaka 2015 ni sikukuu ya taifa, tunakumbuka jinsi alivyouawa mwaka 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu. Nimehubiri juu yake mara nyingi. Nimehubiri pia juu ya mashahidi wa Namugongo kila ilipokaribia tarehe 3 Juni, nikaueleza moto uliowateketeza mwaka 1886 hadi watu wakalia. Sasa najiuliza kama sikuupenda moto ule kwa sababu ulikuwa mbali. Luwum alikuwa mtu wa jamii ya walokole waliorudisha nyundo na mbuzi, na sidhani kwamba ujasiri wa kumkabili mtawala ulimjia siku moja asubuhi kutoka hewani. Lakini katika mahubiri yangu sikuwahi kuzitaja nyundo. Nilianzia kwenye barua.

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kusimama katika ushirika wa Alhamisi na kuungama. Namshukuru Mungu kwamba nilisita, kwa sababu ninavijua vizuri vikao vyetu. Ningelia kidogo, ndugu wangenikumbatia, wangeimba ule wimbo wa Kiluganda wa kumsifu Yesu ambao walokole wanautambua kuanzia hapa hadi Dodoma, nami ningerudi nyumbani nikiwa nimependwa zaidi kuliko jana. Ipo toba inayomwongezea mtu sifa, na mjane akabaki na gunia lake pungufu. Hili nalilaumu kwetu walokole, ingawa ni watu wangu: tumejifunza kuungama mbele ya wale ambao hatukuwakosea.

Badala yake nilikwenda kwa kasisi nikiwa na daftari. Msimu ule nilikuwa nimenunua magunia 143 kutoka kwa wakulima 61, na kilo nilizokata zilikuwa 286. Nikamwambia kwamba Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na kwamba sina kilo 1,144. Kasisi, ambaye kwa umri ni mdogo wangu, hakucheka. Aliniuliza kwanza kama nilikuwa najaribu kununua msamaha, akanikumbusha kwamba Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajaahidi hata senti moja. Kisha akafungua kitabu cha Hesabu, sura ya 5, ambapo mtu anayeiungama dhambi yake mwenyewe anaamriwa kurudisha kitu kizima na kuongeza juu yake sehemu ya tano. Tukapiga hesabu pamoja: kilo 343 na kidogo. Nilibishana naye kwamba mimi sikuungama kwa hiari, kwa kuwa niliulizwa kwanza. Akasema mama yule aliuliza juu ya unyevu, hakuuliza juu ya wizi, na kwamba neno la pili nililileta mimi.

Kuhusu kuacha kuhubiri hatukukubaliana. Aliona kwamba kanisa likisubiri wahubiri wasio na deni, mimbari zitaota nyasi. Kwa mafundisho nadhani ana haki. Lakini nilijua kwamba nikiendelea kusimama pale ningeitumia habari hii kama mfano, mapema mno na kwa ufundi, kabla watu 61 hawajashika fedha zao mkononi. Akaniruhusu.

Kulipa kumekuwa kazi ya miguu zaidi kuliko ya moyo. Nimepanda hadi vijiji ambavyo sikuwa nimefika, nikiwa na daftari, nikiulizia nyumba. Baadhi yao walidhani natafuta kura. Mzee mmoja alipokea fedha, akazihesabu, akauliza: “Na za mwaka juzi?” Sikuwa na daftari la mwaka juzi, nikamwambia hivyo, tukakubaliana kiasi, nikatambua njiani nikirudi kwamba sasa hesabu yangu imefunguka upande wa nyuma na sijui itaishia wapi. Mwingine amefariki, na wanawe hawajapatana ni nani apokee. Mmoja amehamia upande wa Kongo, na wanaovuka mpaka wa Mpondwe siku za soko wamekwisha kupeleka salamu zangu mara mbili bila jibu. Wanunuzi wenzangu hawakukasirika kama nilivyoogopa; wanasubiri tu nifilisike, na wanasema hivyo mbele yangu kwa utani ambao si utani wote. Kahawa mbichi siikati tena. Naiuma, nairudisha, na mwenyewe anakwenda kuianika au anakwenda kuiuza kwa jirani yangu, na mara nyingi anakwenda kwa jirani.

Nimebakiwa na watu tisa wa kulipa.

Yule mama alikuwa wa kwanza kulipwa, na zile fedha alizipokea kwa mashaka kama mtu anayepewa kitu cha kwenda kutunza. Alhamisi iliyopita alirudi na gunia la msimu huu mdogo. Niliuma punje mbili, moja ya juu na moja ya katikati, nikalitundika gunia. Mizani ilisoma kilo 58. Nikaandika 58, nikamsomea kwa sauti, nikaanza kuhesabu noti. Alibaki amesimama palepale, macho yake kwenye daftari, akisubiri nikate.