Uzi Kwanza, Fimbo Baadaye

Rili, kile kifaa cha kukunjia uzi wa kuvulia, iko mezani, uzi umejaa hadi karibu na ukingo wa ngoma yake, fimbo imesimama nyuma ya mlango. Seti imekamilika leo. Naandika usiku huu huu kwa sababu wapo vijana hapa Lindi, na wengine kule Mikindani, wanaotamani kuvua kwa chambo cha juu ya maji kwenye mikoko, na kila mmoja akinikuta huanza na swali moja: ninunue fimbo gani? Mimi naona fimbo ndiyo ya mwisho kuulizwa.

Sehemu ninayovua ni pale Mto Lukuledi unapoingia ghuba ya Lindi, ng'ambo ya mji, kisha kupanda na mkono wa maji kidogo. Maji yakijaa, mizizi ya mikoko huzama na samaki hujipenyeza ndani kabisa kufuata kaa, kamba na mikizi wachanga. Humo wamo chewa, changu wekundu, na kolekole ambao bado hawajakua vya kutosha kuhamia kwenye miamba ya nje. Maji yakianza kupwa, wote hao husogea hadi ukingo wa mizizi na kukaa hapo, wakingoja kile ambacho mkondo unakitoa. Hiyo ndiyo saa yangu. Chambo kikidondoka shubiri mbili tu kutoka kwenye mizizi, kikatulia, kikasogea kidogo, kikatulia tena, maji hupasuka kwa kishindo ambacho bado kinanishtua moyo.

Samaki akishanasa, jambo la kwanza analofanya ni kugeuka na kurudi alikotoka. Huko kuna mizizi, na juu ya mizizi kuna chaza, na ganda la chaza ni wembe. Mvuvi ana sekunde mbili, pengine tatu. Uchaguzi wangu wote umetokana na sekunde hizo.

Mawazo mengi nimeyapata kwa wavuvi wa maji baridi wa Marekani wanaovua samaki aitwaye besi kwa chambo cha chura wa mpira. Besi hatunaye huku kusini. Kwa Afrika Mashariki anajulikana zaidi Ziwa Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwaka 1929. Kwao Marekani hukaa chini ya mayungiyungi na majani mazito yanayotanda juu ya maji, na ndiyo maana wakatengeneza yule chura: mwili wa mpira laini wenye uwazi ndani, na ndoano mbili zilizoelekea juu, zikiwa zimelala mgongoni. Akiburuzwa juu ya majani hanasi popote. Samaki akimbana, mpira unabonyea na ndoano zinatokeza.

Kilichonifungua macho ni uzito wa uzi wao. Besi mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu ni wa George Perry, aliyemvua Georgia mwaka 1932, kisha Manabu Kurita akamfikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, Japani. Wote wawili walikuwa na kilo 10 na ushei. Hao ni samaki wa karne. Besi wa kawaida ni kilo moja au mbili. Lakini mvuvi wa chura hufunga uzi wa ratli 50 hadi 65, yaani unaohimili kilo 22 hadi 29. Uzi wote huo wa nini kwa samaki wa kilo mbili? Ni kwa ajili ya majani. Samaki akijifunika na kilo kadhaa za magugu, mvuvi anavuta vyote pamoja. Kwa hiyo hawapimi uzi kwa samaki, wanaupima kwa mahali anapokimbilia. Nilipolielewa hilo, nikajua nianzie wapi.

Nimechukua uzi wa kusuka wa ratli 50. Uzi huu ni wa polietilini, mwepesi kuliko maji, kwa hiyo unaelea. Kwa chambo cha juu ya maji hilo ni jambo kubwa, maana nailoni huzama polepole na flurokaboni, aina nyingine ya uzi wa plastiki, huzama haraka zaidi, na uzi ukizama unavuta pua ya chambo chini na kukiharibia mwendo. Pia hauna mnyumbuko wa kutajika. Nailoni ikivutwa kwa nguvu inaweza kunyumbuka kwa zaidi ya asilimia 20. Ukiwa umetupa mita 20, ndoano inaweza kuchelewa kuingia wakati wewe unavuta mnyumbuko tu, na samaki yuko tayari mizizini.

Mjomba wangu, ambaye amekula na kulea watoto kwa mshipi wa mkono, hakukubaliana nami. Nilimpelekea uzi auone. Akauzungusha kwenye kidole cha shahada, akauvuta kidogo, akanirudishia.

"Mpwa wangu, huu utakukata vidole. Halafu hauna huruma. Samaki akishtuka, mshipi nao unatakiwa ushtuke naye."

Nami nasema ana haki kwa uvuvi wake. Kwenye maji ya pima 30, juu ya mwamba, huku mkono mtupu ndio breki, mnyumbuko wa nailoni unaokoa mshipi na ngozi ya mvuvi. Changu anapopiga kichwa kule chini, nailoni inaupokea mshtuko. Kwenye mikoko hakuna kina cha kumwachia samaki acheze. Ukimpa mita moja umempa mzizi. Nilipomweleza hivyo, Mjomba alinyamaza, kisha akauliza nitazuiaje chaza. Ndilo swali hasa.

Hapo ndipo nimeachana na Wamarekani. Wao hufunga chura moja kwa moja kwenye uzi wa kusuka, na kwao ni sawa, kwa sababu uzi huo mwembamba hukata mashina laini ya magugu. Chaza si gugu. Uzi wa kusuka una nguvu ya kuvutwa lakini ni dhaifu ukisuguliwa kwenye kitu chenye makali. Nyuzi zake nyembamba hukatika moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mbele ninaweka nailoni nene ya ratli 60, urefu wa sentimita 70 hivi. Huo ndio unaogusa ganda, na ndio ninaoupapasa kwa vidole baada ya kila samaki. Ukikwaruza, naukata na kufunga upya. Kwenye chambo nafunga fundo la Palomar, ambalo uzi hupita kwenye tundu la ndoano ukiwa umekunjwa mara mbili, na ni fundo ambalo hata kwa mikono yenye chumvi halinisumbui.

Ipo sababu nyingine ya kutaka uzi wenye nguvu, nayo naiona nzito. Uzi ukikatikia mikokoni unabaki pale. Polietilini haiozi kwa umri wangu wala wa wanangu, na ndege wanaotembea matopeni maji yakitoka hawauoni. Mikoko yetu imeshavumilia mashoka kwa muda mrefu, tangu enzi za majahazi yaliyobeba boriti kwenda Arabuni. Sitaki kuiongezea mitego.

Rili iliniumiza kichwa zaidi. Wavuvi wa chura hutumia rili inayokaa juu ya fimbo, ambayo ngoma yake huzunguka uzi unapotoka, na wanataka gia za haraka, 7:1 au zaidi: mkono ukizunguka mara moja, ngoma inazunguka mara saba. Wanataka haraka kwa sababu chambo cha juu ya maji huchezwa uzi ukiwa umelegea, na samaki akipiga, ulegevu wote huo lazima uingie kabla hajageuka. Hoja nimeikubali, rili nimeikataa. Kusi ikikaza, chambo chepesi hupunguza mwendo hewani huku ngoma ikiendelea kuzunguka, na uzi wote hujifunga vurugu. Tena nyingi kati ya rili hizo zimetengenezwa kwa maziwa, na chumvi ya Lindi haichelewi.

Nimechukua rili ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi ya 4000, yenye gia 6.2:1. Ukisoma namba peke yake utadhani ni ya polepole. Lakini ngoma yake ni pana, na mzunguko mmoja wa mkono unaingiza karibu mita nzima ya uzi, ambayo ni zaidi ya rili nyingi za chura. Kwa hiyo dukani usiulize gia tu; uliza mzunguko mmoja unaleta sentimita ngapi. Chini kabisa ya ngoma nimetanguliza nailoni kidogo kabla ya uzi wa kusuka. Bila hivyo uzi wa kusuka huteleza kwenye chuma, na rundo zima linazunguka huku breki ikiwa imefungwa.

Fimbo sasa, na hapa sina mengi. Wao hutumia futi 7 hadi 7 na nusu, ngumu, na ncha inayokubali kupinda kidogo ili chura atembee kushoto na kulia. Ugumu na ncha nimechukua. Urefu nimeupunguza hadi futi 6 na inchi 6, kwa kuwa wao husimama kwenye boti pana, nami nimekaa kwenye mtumbwi, matawi ya mlilana yako juu ya kofia, na kutupa kwangu ni kwa ubavu. Pete ziwe za chuma kisichoshika kutu. Basi.

Chura mwenyewe ninaye, mweupe tumboni, rangi inayomfanya afanane na mkizi mchanga. Miguu yake ya nyuzi za mpira nimeipunguza, mmoja mfupi kuliko mwenzake, ili ageuke kirahisi. Samaki akimpiga sitavuta papo hapo. Nitangoja nisikie uzito wake kwenye mkono, ndipo nivute kwa nguvu zote. Kishindo si dalili kwamba chambo kiko kinywani.

Jioni hii Mjomba alikuja na mizani yake ya kuning'iniza, ile anayopimia samaki. Tulifunga uzi kwenye ndoano ya mizani, yeye akavuta moja kwa moja kutoka kwenye rili, mimi nikakaza breki taratibu hadi ikaachia kwenye kilo saba. Hiyo ni kama theluthi ya nguvu ya uzi. Wavuvi wa chura hukaza breki yote isiachie kabisa, lakini boti zao hazipinduki kirahisi kama mtumbwi wetu. Mjomba alivuta tena, akatikisa kichwa, akaniambia niongeze. Tumekubaliana kilo nane. Bamvua ni keshokutwa, maji yataanza kupwa asubuhi mapema, yeye atapiga kafi na amesema glovu nilete jozi mbili.