Njia ya Larissa

Posa ya mdogo wangu imekubaliwa, ofisini nimehamishiwa kitengo kipya, yote heri. Lakini wiki nzima ninachosikia ni maneno ya Mjomba ndani ya Noah.

Dereva alitaka kupitiliza Soni aende Lushoto mjini. Nikamwambia, "Kaka, chepukia hapa, Bumbuli ni huku." Mjomba akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Umeshawahi kufika?"

"Hapana, Mjomba. Ila najua."

"Hujui, mpwa wangu. Umesikia tu."

Akarudi kutazama mbele. Tukafika Bumbuli kwa njia ileile niliyosema, na hakuna aliyelikumbusha. Mimi nalirudia nikiosha vyombo, nalirudia kwenye daladala. Umesikia tu. Mbele ya mashangazi wote!

Wanaonisoma wanajua nimezama kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, tangu mfungo, hivyo kilichoniuma zaidi ni kwamba mfano huu nilikuwa nao tayari. Katika mazungumzo aliyoyaandika yaitwayo Meno, mwalimu wake Socrates anamwambia mgeni wake Meno kwamba mtu anayeijua njia ya kwenda Larissa, mji wa Ugiriki, atawaongoza wenzake vizuri. Je, yule ambaye hajawahi kuipita, ila ana dhana sahihi kuhusu njia hiyo, hatawafikisha? Atawafikisha vilevile. Meno anashangaa: kama wote wawili wanafikisha, ujuzi unathaminiwa kwa lipi? Na mimi nilishangaa pamoja naye, kwa hasira.

Socrates anamjibu kwa sanamu za Daedalus, fundi wa hadithi za Kigiriki, ambazo ilisemekana zisipofungwa hutoroka. Dhana sahihi ni nzuri muda wote inapotulia, lakini haikai sana. Inaponyoka mpaka mtu aifunge kwa kufikiria sababu yake, na hapo ndipo inakuwa ujuzi.

Nikalisikia upya neno la Mjomba. Hakusema nimekosea. Na dereva angenibishia, akasema yeye kwao ni huko na Bumbuli iko mbele, ningenyamaza. Njia nilielekezwa tu na mwenzangu wa ofisini, na maelekezo yake yasingestahimili mabishano ya dakika mbili.

Hasira ikaisha, ikaja furaha ambayo sijui niipeleke wapi. Mzee ambaye hajawahi kushika kitabu cha Plato ametenganisha kusikia na kujua kwa sentensi moja. Socrates, aliyezoea kusema hajui, anasema humohumo kwamba kama kuna mambo machache anayoweza kudai anayajua, tofauti hii ni mojawapo.

Ila sikubali kwamba kufika ndiyo ithibati pekee. Yupo kijana mtumwa wa Meno, asiyefundishwa hesabu. Socrates anachora mraba wenye upande wa futi 2 na kumtaka apate mwingine wenye eneo maradufu, yaani 8. Kijana anasema upande uwe futi 4. Eneo linatoka 16. Anasema 3, linatoka 9. Anakiri hajui. Kisha Socrates anachora ulalo, mstari wa kutoka pembe moja ya mraba hadi pembe ya mkabala, na kwa kuulizwa tu kijana anahesabu mwenyewe na kuona kwamba mraba uliojengwa juu ya ulalo ule ndio wenye 8. Hata hapo Socrates hampi cheo cha kujua. Anasema dhana hizo zimeamka ndani yake kama ndoto, na kwamba akiulizwa hayohayo mara nyingi, kwa namna nyingi, mwishowe atajua sawasawa na mtu yeyote.

Hakuna basi linalokwenda kwenye ulalo. Uko hivyo kwa Mjomba, kwangu na kwa kijana yule wa Meno, awepo wa kuutazama au asiwepo. Nataka nimchoree Mjomba kwenye karatasi siku ya harusi, nimsikilize atasema nini, maana nahisi atakuwa na jibu.

Mkataba wa nyumba unaisha mwezi huu. Mwenye nyumba nampigia, simu inaita mpaka inakatika, na juzi wamekuja watu wawili wenye futi kamba wakapima uwanja wa nyuma bila kunisalimia.