Nilivyomlewesha kambare wangu kwa mafuta ya makonyo nikamtibu vidonda

Kwanza mrututu, ile dawa ya buluu ambayo watu walinishauri nimtilie kambare wangu mwenye vidonda. Mrututu hautiwi kwenye tangi la kambare, na anayekwambia uutie mwulize yeye amewahi kufuga kambare gani. Mimi niliambiwa na karibu kila mzee aliyeingia dukani kutoa kopi ya kitambulisho. "Kidonda dawaye mrututu, mwanangu," na hapo anapandisha kikoi kunionesha kovu la muundini alilolipata enzi za kuchuma karafuu. Sawa babu, lakini wewe mguu wako uliufunga kitambaa ukaenda zako. Kambare anaishi ndani ya hiyo dawa. Tena hana magamba: ngozi yake ni tupu, imefunikwa na ute basi, na kitu ukikitia majini kinampata moja kwa moja. Mrututu ni chumvi ya shaba. Kosa dogo la kipimo, unaopoa maiti.

Nina duka la fotokopi na kuchapa hapa Chake Chake. Pembeni ya kaunta pana tangi la vioo la lita mia mbili na kitu, na ndani anaishi kambare mmoja. Nimempa jina Sheha, kama kiongozi wetu wa mtaa, kwa ajili ya sharubu zake nane na kwa tabia yake ya kukaa pembeni kimya akisikiliza mambo ya watu. Sheha wetu wa kweli ameshaambiwa, akacheka, hajaniita ofisini. Watu huniuliza kwa nini nisifuge samaki wa rangi. Jibu langu ni umeme. Ukikatika, pampu inazima na samaki wa rangi wanaanza kuhema juu ya maji. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachovuta hewa hii hii tunayovuta sisi. Anapanda, anapiga funda, anashuka zake chini. Wanaoikumbuka Pemba ya majenereta, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, watanielewa. Hivi sasa hali ni nzuri zaidi, lakini bado sitaki mnyama anayetegemea soketi.

Vidonda vilianza baada ya mimi kwenda Unguja harusini. Duka nilimwachia mwana wa dada yangu, kijana mwenye adabu na asiyejua kukaa bure. Niliporudi vioo vinang'aa, kokoto zinang'aa, sponji la filta limefuliwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa juani, maji yote mapya ya mfereji. "Mjomba, nimekusafishia." Utamgombeza vipi? Lakini ndani ya lile sponji chafu ndimo walimokuwa wanaishi bakteria wanaobadilisha amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina ukali huo. Sabuni na klorini ziliwamaliza. Amonia ikajaa, na kwenye maji yasiyo na uchachu, kama haya yetu magumu, amonia huwa kali zaidi kuliko kwenye maji yenye uchachu. Ikamchoma ngozi, ute ukaisha, na vijidudu vya aina ya Aeromonas, ambavyo vimo majini siku zote vinangoja mlango, vikapata mlango. Kidonda kimoja nyuma ya pezi la kifuani, kingine ubavuni kuelekea mkiani. Pembezoni pekundu, katikati peupe, na juu yake nyuzi za ukungu.

Sasa ushauri ukaanza. Mrututu nimeshausema. Mmoja akasema nimpeleke horini akaoge maji ya bahari. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, kambare ni wa maji baridi, huko angekaushwa akiwa hai. Wengine wakaniletea kwenye simu maelezo ya watu wa Ulaya: nunua hita. Hita! Pemba! Fundi cherehani wa duka la pili yeye alikuwa na swali moja tu kila asubuhi, kwamba nikikata tamaa nitamuuza kiasi gani, maana nazi anazo.

Mimi kichwani nilikuwa najua kinachotakiwa: maji safi, na kidonda kifutwe kwa aiodini ile ya kahawia ya duka la dawa. Tatizo ni kumshika. Ami yangu mmoja ni mvuvi wa Wesha, na mvuvi humwambii kitu kuhusu samaki. Akaja na taulo. "Samaki hushikwa kwa taulo, usimpe nafasi ya kufikiri." Nikafunga mlango nusu, nikaandaa pamba na aiodini. Ami akaloweka taulo, akatia mikono yote miwili, akamzoa.

Kambare ana miiba miwili, mmoja kila pezi la kifuani, yenye meno, na akitishika huitanua na kuifunga pale pale isikunjike. Miiba ikaingia kwenye nyuzi za taulo. Ami akavuta upande huu, Sheha akajipinda upande ule, na taulo likapaa pamoja na samaki juu ya kaunta, likapita juu ya rundo la fomu za watu, likatua chini. Hapo akajinasua. Nyinyi mnaodhani samaki nje ya maji anatapatapa tu hamjamwona kambare: huyu anatembea! Anajisukuma kwa mapezi na mkia, na alitembea mpaka chini ya mashine ya fotokopi, ambayo ilikuwa inawaka. Mama mmoja aliyeleta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe alikuwa tayari amesimama juu ya benchi, viatu mkononi, anasoma dua. Nililala kifudifudi sakafuni na trei ya karatasi, nikamkomba taratibu, vumbi lote la duka limemganda. Ami kidole gumba kilikuwa kimeshachomwa na kuvimba. Alichosema akiondoka: "Huyu si wa kutibiwa. Huyu wa kupakwa ndimu." Kidonda cha ubavuni kikawa kikubwa kuliko kilivyokuwa, na fomu za watu nikazichapa upya kwa gharama yangu.

Usiku ule nikampigia binamu yangu aliyesoma ufugaji wa samaki SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Nikamweleza yote, akacheka mpaka nikataka kukata simu. Halafu akasema, "Kaka, uko Pemba halafu unakosa dawa ya kumlaza samaki? Bibi hajichui magoti siku hizi?"

Kumbe mafuta ya karafuu yana eugeno, kitu kile kile kinacholitia jino ganzi, na duniani kote wataalamu na wafugaji huwalaza samaki kwa mafuta hayo wakitaka kuwapima au kuwatibu. Na sisi tunayatengeneza hapa hapa Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kilomita chache tu kutoka dukani kwangu. Nyumbani kichupa kilikuwa kwenye dirisha la bibi.

Alinipa kipimo cha kuanzia: miligramu 40 hivi kwa lita, yaani karibu tone moja kwa kila lita ya maji. Akaniapiza nisikimbilie kuzidisha, kwa sababu mafuta hayo hayo yakizidi sana ndiyo yanayotumika kumuua samaki bila maumivu. Akataka pia Sheha ashinde na njaa kwanza asije akatapika.

Basi nikapima lita kumi za maji ya kisima ndani ya karai, nikadondosha matone. Mafuta hayo yakakaa juu yananitazama. Hayachanganyiki! Ningemtia samaki humo angepakwa mafuta mgongoni bila kulala. Ujanja ni huu, na ndio nilioupenda kuliko yote: chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, tia maji ya uvuguvugu kidogo, dondosha matone humo, funga, tikisa kwa nguvu zako zote mpaka maji yageuke meupe kama tui. Hapo hapo mimina karaini ukikoroga. Duka zima likanuka karafuu, na mtaa pia. Watu wanachungulia mlangoni kuuliza nani anaumwa jino, na mzee wa mrututu akauliza msimu umeanza lini.

Kumtoa tangini safari hii sikutumia taulo wala wavu. Nilizamisha beseni la plastiki, nikamwongoza aingie mwenyewe, nikalinyanyua na maji yake, nikamwaga maji mengi, nikamteremsha karaini. Mara ya kwanza alikurupuka. Kisha akaanza kuyumba, akaegemea ukuta wa karai, akajirekebisha, akaegemea tena. Kambare ni mbishi, na kwa vile anaweza kupanda kuvuta hewa, aliikwepa dawa muda mrefu. Ilibidi nitikise matone mengine machache. Hatimaye akageuka tumbo juu. Matamvua yanacheza polepole, na hayo ndiyo ya kuangaliwa. Yakisimama, mrudishe maji safi hapo hapo.

Nikamlaza juu ya sponji jipya lililolowa, kitambaa cha maji kimemfunika macho na mwili, kidonda tu kiko wazi. Miiba imelala, Sheha mpole ajabu. Nilifuta ule ukungu mweupe kwa pamba, ukatoka wote, chini nyama nyekundu. Nikagusisha aiodini iliyopunguzwa kwa maji, kwenye kidonda peke yake, kichwa kikiwa juu kidogo isiteremkie kwenye matamvua. Nikangoja kidogo, nikafuta, nikahamia cha pili. Nilivaa glovu, maana vijidudu vya vidonda vya samaki vinaweza kuingia kwenye mikwaruzo ya mikono ya mtu pia.

Kumwamsha kulinitoa jasho kuliko kumlaza. Nilimtia kwenye beseni la maji safi yasiyo na dawa, nikamshikilia wima, mdomo ukielekea kwenye maji ya pampu. Hakuna kitu. Mpwa wangu yuko nyuma yangu anasema "Inna lillahi" mapema mno. Kisha mkia ukatingishika, na aliponipiga kofi la maji usoni watu waliokuwa mlangoni walipiga makofi. Nilirudia siku zilizofuata mara chache, nikiacha nafasi katikati, na kila mara watazamaji waliongezeka. Ningetoza kiingilio ningenunua mashine mpya.

Wodi yake ilikuwa pipa la plastiki lenye kifuniko na jiwe juu yake. Jiwe usilisahau, kambare anaruka. Humo chumvi ya mawe gramu 3 kwa lita, iliyeyushwa kwanza kwenye ndoo nyingine, na nusu ya maji nikibadilisha kila siku. Nilitia majani makavu ya mti wa mkungu, yale mekundu yanayoanguka yenyewe, ambayo wenzetu ughaibuni wanayanunua kwa pakiti. Maji yaligeuka rangi ya chai. Kule kushusha pH, yaani kuyatia maji uchachu, kunakosifiwa sikukuona kwenye maji yetu, lakini Sheha alitulia kwenye kiza kile, na mimi sikulipa hata senti.

Daktari wa mifugo alikuwa mwungwana. Aliniambia ametibu ng'ombe, mbuzi na kuku, ila mgonjwa mwenye sharubu ndani ya ndoo hajawahi kuletewa. Hata hivyo alimpima kwenye mizani, akapiga hesabu ya oksitetrasaiklini, miligramu 75 kwa kilo ya samaki kwa siku, kwa siku 10, na akasisitiza iwe kwenye chakula, isiwe kwenye maji. Maji magumu yanaishika dawa hiyo isifanye kazi. Na kwamba yetu ni magumu, birika langu lenye gamba jeupe ni shahidi. Nilisaga nofu ya samaki isiyo na miba, nikachanganya na unga wa dawa bila kupika, nikafinyanga vitonge vidogo, nikaviweka kwenye friji, mke wangu akanuna. Gharama yote, dawa na aiodini na chumvi, elfu ishirini na ushei. Sikuzihesabu fomu za watu.

Wakati huo tangi nalo lilihitaji bakteria wapya. Jamaa mmoja wa Wete mwenye tangi la miaka mingi alinikatia kipande cha sponji lake chafu, akakituma kwa gari ya abiria kikiwa kibichi ndani ya mfuko. Konda alilalamika harufu, lakini kipande kile nilikibana kwenye filta yangu na amonia ikaanza kushuka kabla sijamrudisha Sheha. Sponji husuuzwa kwenye maji yaliyotoka tangini, sabuni mwiko. Mpwa wangu sasa ndiye anayewafundisha wengine.

Vidonda vilijifunga kuanzia pembezoni, kwanza pinki, kisha kijivu. Rangi nyeusi inarudi taratibu na cha mkiani bado kinaonekana ukisogea karibu. Fundi cherehani nimemweleza kwamba samaki aliyepewa dawa ile haliwi mpaka zipite siku 21 tangu dozi kwisha. Ameweka alama kwenye kalenda yake.

Ukitaka kujaribu mafuta, hakikisha ni ya karafuu au makonyo matupu. Yale ya kuchulia yanayouzwa yakiwa yamechanganywa na mafuta ya nazi hayafai hata ukitikisa mpaka kesho, na huwezi kujua tone moja lina eugeno kiasi gani. Weka alama pia kwenye karai ulilotumia. Langu lilichukuliwa likaoshewa mchele, na chakula cha mchana siku ile tulikula kwa ulimi uliokufa ganzi.