Kompyuta inawaka ila skrini nyeusi tii

Jana nimehangaika na kompyuta yangu ya mezani karibu siku nzima, ukibonyeza swichi feni zinazunguka, taa inawaka, lakini monita imekaa nyeusi tii, halafu baada ya sekunde kama 5 inajizima yenyewe na kuwaka tena, inarudia hivyo hivyo. Nikaanza na vitu vyepesi, waya wa monita nikachomoa nikachomeka upya, monita yenyewe nikaijaribu kwenye kompyuta nyingine ikaonyesha vizuri tu, basi nikajua tatizo liko ndani ya boksi.

Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikabonyeza swichi kama sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, hii hatua msiiruke jamani, ndo nikafungua. Vumbi humo ndani! Rami, yaani vile vibao vya kumbukumbu ya muda ya kompyuta, zilikuwa 2, nikazitoa zote, moja ile safu ya meno yake ya dhahabu imefifia, ina kama utando mweusi. Nikaisugua taratibu na raba ya penseli, nikapangusa kwa kitambaa kikavu, nikairudisha hiyo moja tu mpaka ikalia tak pande zote mbili. Kuwasha, picha hiyo!

Ila pawasaplai, kile kiboksi cha ndani kinachoipa kompyuta umeme, msiifungue hata kama umeshachomoa waya, kapasita zake (vipande vinavyotunza chaji) zinaweza kubaki na umeme wa kuua mtu. Ukiishuku yenyewe ndo mbovu, azima nyingine nzima ujaribishie. Rami ya pili nimeirudisha leo asubuhi, mpaka sasa mashine haijajizima.